Ndege za Bati za Wilbert

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
23 Agosti 1981

Kwa kaka yangu Isidori,

Shikamoo kaka. Nakuamkia wewe, namwamkia shemeji Clotilda, na wote wanaolala chini ya paa lako hapo Kibosho. Kifua cha shemeji kinaendeleaje na baridi hii ya Agosti? Na mguu wako, umeanza kuukanyagia tangu ulipoteleza mferejini? Sisi huku tunaamka na tunalala kama Mungu anavyojalia. Paskalina anasumbuliwa na presha lakini jikoni anaingia mwenyewe. Watoto wanakwenda shule. Foleni za sukari ni zile zile, na kuna wiki duka langu linafunguliwa ili watu waone tu kwamba halijafungwa.

Barua yako ya mwezi wa saba ilinifikia. Niliisoma nikiwa nimesimama dukani, kisha nikaingia nayo chooni nikafunga mlango nikaisoma tena. Unasema mlipotoka misa ulikutana na mtu aliyewahi kufanya kazi bandarini hapa, akakupa pole ya Wilbert, na ulipomtajia lori akakutazama kama mtu asiyeelewa. Umeniuliza jambo moja tu: mwanao alikufaje.

Kaka, hakukuwa na lori. Nilikuzuia kufungua jeneza nikakuambia tairi zilimharibu uso. Uso uliharibika kweli, lakini uliharibiwa na mikono ya watu, mchana, kwenye mtaa ninaoishi. Nitakueleza tangu mwanzo. Nakuomba usiitupe barua hii kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka aliporudi kutoka Urusi na shahada yake ya mambo ya redio, serikali ilimpeleka kwenye karakana moja ya kutengeneza mitambo ya mawasiliano. Akakaa kwangu, chumba cha mwisho uani. Hakuwa mlevi, hakuwa na makuu. Jioni alipenda kukaa barazani kwa Suud, jirani yangu Mwarabu anayeuza vyombo, wakinywa kahawa na kubishana. Vita na Nduli ilipoanza, baraza ile ilijaa watu waliotaka habari. Nao walimsikiliza Wilbert kwa sababu alikuwa amesoma.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mwaka ule wa sabini na tisa, ndege ya adui ikaenda kutupa mabomu Mwanza. Kuanzia siku hiyo Kariakoo haikuwa na akili tena. Watu wakasema kuna ndege nyingine inakuja Dar es Salaam kupiga bandari, na kwamba ndege hiyo haionekani na rada. Wengine walidai imekwisha kupita mara mbili. Kina mama walianza kuwafungia watoto ndani kila wakisikia mngurumo.

Wilbert alitaka kuwatoa hofu. Nilikuwepo barazani siku aliyowaeleza, nami nakumbuka karibu kila neno. Alisema rada ni kama mtu anayesimama ukingoni mwa korongo kule kwetu akapiga ukelele, kisha akasubiri mwangwi. Mwangwi ukirudi, anajua mbele kuna ukuta, na anajua uko umbali gani. Ndege yoyote ya chuma hurudisha mwangwi. Kuifanya ikae kimya, alisema, ni lazima kila upande wa mwili wake ukatwe kwa pembe itakayoutupa ukelele kwingine, usimrudie aliyepiga. Na si mbawa peke yake. Msumari mmoja uliochomoza utajibu. Ufa wa mlango utajibu. Mdomo wa injini, ambao ni lazima uwe wazi ili injini ivute hewa, utajibu kuliko vyote.

Suud akamuuliza kwa nini basi wasiipake lami tu. Wilbert alicheka, akasema kweli upo ufundi wa kupaka kitu kinachomeza ukelele, lakini kitu hicho ni kizito, kinataka kiwanda chake, na kikichubuka kidogo kazi imeharibika. Na hata ukifanikiwa yote hayo, umbo linalonyamaza mbele ya rada si umbo linalopenda kuruka. Litapepesuka, litaanguka, mpaka lipate mashine yenye akili ya kulisahihisha kila nukta ya sekunde. Ili kujua pembe zikatwe vipi unahitaji wanahesabu mia na mashine za kuwasaidia kukokotoa kwa miaka. Alisema hata mataifa makubwa yanahangaika nalo, na wakilipata watalificha kuliko dhahabu. Mtu mmoja akasema basi ni kwa kuwa sisi weusi hatuna akili. Hapo Wilbert alikasirika. Akasema:

"Akili tunazo. Kiwanda cha ndege kama hiyo kinasimama juu ya viwanda mia vingine, na sisi bado tunatafuta betri za tochi. Nduli naye hana hivyo viwanda. Lalani."

Watu walicheka, wakaondoka na amani. Lakini amani ya hapa haidumu siku mbili.

Jumamosi ya tarehe thelathini na moja Wilbert alikwenda Feri kununua samaki. Alikuwa akinunua kwa mwanamke mmoja mkaangaji anayeitwa Siwema, ambaye ana kaka yake bubu, mbeba mizigo pale pale. Ndege ikapita juu, ya abiria bila shaka, na yule bubu kwa furaha akainyoshea mikono akiipungia, kama alivyozoea. Mtu akapaza sauti kwamba anaipa ishara. Wakamvamia. Walimuuliza ametumwa na nani, naye hawezi kusema, na kila alipotoa ile sauti ya bubu wakamwongeza. Walimpiga kwa makasia, wakamvunja taya. Siwema alishikwa nywele akaburutwa mbali. Wilbert ndiye aliyeingia katikati akamlalia yule bubu. Mmoja mwenye kisu cha kuparia samaki akamkata mkononi, tangu kiwiko hadi karibu na kifundo. Wilbert hakumwachia. Alimbeba begani mpaka kwa askari, damu ya wote wawili ikichuruzika, na huyo bubu yu hai mpaka leo.

Alirudi nyumbani ameshonwa nyuzi kumi na moja. Paskalina alilia, mimi nikamgombeza. Nilimwambia mjini hapa mtu haingilii kipigo kisicho chake. Alinijibu kwa heshima tu kwamba asingeweza kusimama akitazama. Kufika Jumatatu, habari ilikuwa imegeuka njiani: kule Feri, yule msomi wa Urusi kamwokoa jasusi.

Sasa nikueleze jambo la bati. Karakana ilikuwa imetupa chombo kibovu cha rada, kilichotolewa kwenye meli. Mkuu wake alimruhusu akichukue akijaribu kukifufua siku zake za mapumziko, kwa maana Wilbert aliamini akielewa vizuri mwangwi unavyovunjika, angeweza kuwasaidia askari wetu kuziona ndege za adui mapema zaidi. Alikata madebe ya mafuta, akayakunja kwa pembe mbalimbali, akatengeneza ndege ndogo ndogo zenye urefu wa mkono, akazitundika uani kwenye kamba ya nguo. Alizielekezea chombo, akaandika tarakimu daftarini. Zilipendeza, kaka. Zilimeta juani kama samaki waliotundikwa.

Majirani wakachungulia juu ya ukuta. Jumamosi ya tarehe saba Aprili, yapata saa nane mchana, balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na mgambo watatu, na nyuma yao kundi la watu lililojaza mtaa kutoka ukuta hadi ukuta. Walisema wameletewa taarifa ya mitambo ya kuongozea ndege isiyoonekana. Wakaenda moja kwa moja chumbani kwa Wilbert. Walimkuta anapiga pasi shati la kuvaa kesho yake, Jumapili ya Matawi.

Balozi alitaka wampeleke kituoni kwa utaratibu, hilo namshuhudia. Lakini mgambo mmoja alitoka uani akiwa ameshika ndege ya bati juu ya kichwa, akawaonyesha watu. Ukelele uliotoka pale sijausikia tena. Wilbert alisimama mlangoni akaanza kuwaeleza, kwa sauti ile ile ya barazani, kwamba hilo ni debe tu. Jiwe la kwanza lilimpiga kwenye miwani. Wakamvuta barabarani kwa ule mkono wenye nyuzi, na nyuzi zikafunguka. Walikuwa na nondo, na mtu alikuwa na mchi wa kinu. Mmoja alichukua jiwe la mizani kwenye meza ya muuza mkaa. Walimpiga magoti kwanza, akaanguka, wakampiga mgongo. Wengine walizikanyaga zile ndege, wakazirarua, wakamchana nazo usoni. Suud alitoka dukani akiwasihi kwa Mungu. Wakampasua kichwa kwa nondo wakamwacha amekaa chini. Wilbert alijikokota kuelekea mlango wangu. Akaniona nimesimama kizingitini. Akasema:

"Baba mdogo, waambie."

Sikusema kitu. Yule wa mchi akamaliza.

Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakijifuta, kama watu waliotoka kupakua mzigo. Siwema alifika amechelewa, mtu amekimbia kumwita. Alifungua khanga yake ya juu akamfunika, akakaa naye mpaka gari la polisi lilipokuja. Mimi nilikuwa ndani.

Jumatatu mkuu wa karakana alikuja na karatasi ya ruhusa mkononi. Aliposikia, aliegemea ukuta wa duka akalia kama mtoto. Watu walimwua Wilbert wakidai amejenga uani kitu ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyetueleza kwamba mataifa makubwa yanashindwa. Na siku tulipoutoa mwili Muhimbili tuje nao huko, habari zilikuwa zimefika kwamba Kampala imetekwa. Gari letu lilisimama karibu saa nzima pale Msimbazi kwa sababu watu walikuwa wanacheza ngoma barabarani. Wawili kati ya wale waliomwua niliwaona wakicheza.

Kaka, hapa ndipo penye uzito, na nimeuweka uzito huu mwisho kwa woga.

Nimeandika hapo juu kwamba mgambo walikwenda moja kwa moja chumbani kwake. Si kweli. Balozi alisema watapekua nyumba nzima, waanzie chumba cha mbele, kile kinachopakana na duka. Katika chumba hicho, chini ya turubai, nilikuwa nimeficha katoni za sabuni na magunia ya sukari, wakati watu wale wale waliosimama nje walikuwa wakipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni. Wangeviona, ningefungwa kama mlanguzi, au ningeuawa mimi. Mkono wa mgambo ulikuwa umekwisha gusa kufuli. Nikasema, kwa mdomo wangu:

"Mnachokitafuta kiko uani, chumba cha mwisho. Huyo kijana kaja na mitambo kutoka nje. Mimi sijui anachofanya."

Nilijua anachofanya. Nilikuwa nimemshikia kamba akitundika. Wakakiacha chumba cha mbele, wakaenda kwake. Na aliponiita niwaambie kweli, nilinyamaza kwa sababu ile ile. Polisi waliponiuliza niliwatambua nani, nikasema sikumtambua mtu. Niliwatambua wanne. Mmoja wao alikuwa akinunua sukari kwangu kwa mlango wa nyuma, naye alijua nilichoficha, nami nilijua alichofanya. Paskalina alisikia nilivyowaambia mgambo. Tangu siku ile hajanilaumu kwa neno, lakini halali chumba kimoja nami.

Juzi Ijumaa nilikwenda kituoni. Nimeandikisha maelezo yote, majina manne, na la tano langu. Askari aliyeandika aliniuliza kama nina hakika nataka yaingie, maana jambo ni la zamani na vita imekwisha. Nikamwambia nina hakika. Sijui watafanya nini. Wanaweza wasifanye chochote. Suud ameahidi kushuhudia; hajawahi kusalimiana nami tangu mwaka ule, lakini alikubali.

Kuhusu binti yako Sophia, umeniandikia kwamba amechaguliwa shule ya sekondari hapa mjini na unataka akae kwangu kama Wilbert alivyokaa. Nimemwombea nafasi kwa masista wa bweni, wamekubali, na barua yao nimeiambatisha. Akija na usipotaka anione, hataniona. Shamba langu la migomba upande wa chini ya kanisa ni lako kuanzia leo. Si malipo, kwa maana hakuna malipo. Ni kwamba sitakanyaga tena Kibosho mpaka wewe useme, na ndizi zisioze.

Nisalimie mzee Kasiani na majirani wa mfereji, bila kuwaeleza kitu kama utaona hivyo ni bora. Shemeji Clotilda najua huwa anasomewa barua na Sophia. Hii usimpe mtoto. Msomee wewe mwenyewe, mkiwa wawili, na asije akasikia kwa mtu wa bandarini.

Sistahili kuandika neno mdogo wako, lakini sina jina lingine la kujiita mbele yako.

Kasmir