Hata Sauti Yake Mmeiiba

Aayo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya hapo Mbulumbulu? Maharage yameshaingia shambani, au bado mnaisubiri mvua? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na sababu unaijua nusu tu.

Najua utaugeuzageuza mwandiko huu kwanza. Uangalie vizuri. Ni wewe uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza, na hiyo "g" yangu yenye mkia mrefu ulinichapia mara ngapi?

Huku Uarabuni simu za mtandaoni zimezuiwa, na za kawaida zinakula mshahara. Kwa hiyo sisi wafanyakazi wa ndani tunatumia VPN. Ni kama kupita uani kwa mtu ili ukwepe kizuizi cha barabarani: unafika, lakini mwenye uwanja anaona umebeba nini. Hilo la mwisho sikuambiwa. Yangu iligoma, nikakaa wiki mbili bila kukusikia. Katika nyumba hii wanaonisemesha ni watoto, na maneno yao ni leta maji, toa sahani. Basi kwenye kundi letu nikaona kiungo cha VPN ya bure, nikabonyeza. Ikataka namba yangu ya simu, nikaandika. Ikaja meseji yenye tarakimu sita, ikazitaka nazo, nikazitoa. Mtoto wa shule angesita. Mimi nilikuwa na haraka ya kukusikia.

Haikupita saa, akaunti yangu ya meseji ikawa si yangu. Aliyeichukua ndiye aliyekuandikia kwamba nimerudi nchini ghafla, nimeshikiliwa uwanja wa ndege Dar, mtume hela ya kunitoa na msipige simu.

Yaliyofuata nilielezwa na binamu Elia, nilipompigia pale gereji Karatu. Aayo, nililia. Tangu niondoke sisi hatuandikiani; ni sauti tu, na Kiiraqw chetu. Yule mwizi kaandika Kiswahili cha shule, "mama yangu mpendwa", maneno ambayo sijawahi kukutamkia; mimi mama namwita Aayo tu. Elia anasema ulishtuka. Ila ukajijibu mwenyewe kwamba mtu aliye mikononi mwa polisi lazima aandike lugha wanayoielewa. Ukampeleka maksai mmoja mnadani. Sasa mwenzake amesimama tu zizini, maana plau haivutwi na mmoja, na wewe unangoja majirani wamalize kwao ndipo wakulimie.

Wakala uliyetumia hela kwake alipokufumbua macho kwamba ni utapeli, ukaamua kila simu ni ya mwizi. Nilipokupigia nilikuamkia kwa Kiiraqw. Nikasikia unavyohema. Ukasema, "Hata sauti yake mmeiiba!" Ukakata. Elia akapanda mpaka hapo kukueleza, ukamwambia naye katapeliwa. Ndipo akanishauri niandike kwa mkono.

Sijakukasirikia. Kosa ni langu, na maksai nitamrudisha. Lakini nina upweke, Aayo, sikufichi. Siku hizi nikiosha vyombo naongea Kiiraqw peke yangu, nikisikie tu. Mama mwenye nyumba anadhani nasali, anapunguza sauti ya televisheni.

Ile VPN nimeifuta. Rehema, dada wa Tanga ninayekutana naye sokoni, amenisaidia kuirudisha akaunti na kuiwekea namba ya siri ya pili. Barua hii anakuja nayo yeye, atamkabidhi Elia. Na wewe, mtu akiomba chochote kwa jina langu, hata akilia, usitume. Muulize Elia kwanza. Tarakimu zinazoingia kwenye meseji zako usimpe mtu yeyote. Mimi sitakuomba kamwe.

Nisalimie kaka Daniel, umwambie asikununie kwa ajili ya maksai, aninunie mimi. Nisalimie shangazi Veronika na kwaya yake, na mama Safari, jirani atakayetulimia.

Kila Jumapili ukitoka kanisani nitapiga. Namba itakuwa ngeni. Kama bado una wasiwasi, usiseme kitu. Pokea tu, uiweke simu mezani, uendelee na kazi zako. Mimi nitasikiliza mpaka salio liishe.

Ni mimi mwanao,
Paskalina