Vifungo vya Shati la Bluu

Dada yangu mpenzi,

Huku sisi wazima, kama mzima ni yule anayekula akalala. Cherehani imepona, fundi aliibadilishia mkanda, sasa inakimbia kunishinda. Shemeji yako bado anaweka sahani tatu mezani, nami siitoi ile ya tatu.

Jana tulikwenda mahakamani. Askari aliyempiga risasi mwanangu alisema eti kijana alimvamia kwa kisu, uso kwa uso. Mawakili wake wakatoa shati la bluu kwenye mfuko, lina tundu mbele, upande wa moyo. Wakaniuliza kama nalitambua. Niliona rangi, nikaona damu, nikasema ndiyo.

Tulipofika nyumbani ndipo mikono ikanikumbusha. Shati la mwanangu nililishona mwenyewe. Vifungo nilivishona kwa mkono, nikazungushia uzi chini yake mara tatu ili viinuke kidogo, kama ulivyonifundisha. Vile vya jana vilishonwa kwa mashine, vimelala bapa kabisa.

Asubuhi nimemwambia wakili wetu. Ameruka kitini: “Mama, kesi tumeshinda!” Shemeji yako analia huku anacheka. Mimi sijui nishike lipi niache lipi. Nimekaa tu na sindano mkononi.

Maana lile tundu ni la kweli, dada, na ile damu ni ya kweli. Kama shati si la mwanangu, basi ni la mtoto wa nani? Na mama yake ameambiwa nini?

Nijibu, hata kama huna jibu.

Mdogo wako