Nusu Iliyoliwa na Mchwa

Mafinga,
14 Agosti 2024

Mdogo wangu Ezekia,

Kamwene. Naamini barua hii itakukuta huko Ilomba unapumua vizuri, shemeji Tusekile goti limempoa, na wajukuu wamekuachia japo ndizi moja. Huku baridi ya mwaka huu imetung'ata, asubuhi maji ya ndoo yanakuwa na utando juu kama maziwa. Mimi ni mzima. Miaka sabini na sita, meno kumi na tisa, na randa bado naisukuma. Shemeji yako Tekla anakusalimu. Anasema hujaleta uso wako hapa tangu tulipomzika mama.

Usishangae mwandiko. Nimeandika mwenyewe, sikumpa mtu kalamu. Niliishia darasa la tatu, lakini hilo la tatu nililisoma vizuri.

Sasa habari. Mwezi wa kumi usharika wetu unatimiza miaka hamsini. Katibu, Gerson, amefungua tovuti ya kanisa, watu waione hata wakiwa Ulaya, na akatangaza kwamba wazee waliojenga walete picha zao, vijana wazitengeneze ziingie humo. Nikasimama nikasema yangu nitaitengeneza mwenyewe. Benchi zima likacheka. Peter, yule wa duka la misumari, akaniuliza nitaitengeneza kwa randa au kwa tupa. Kesho yake nikaenda kwa Yudith, binti mwenye steshenari pale stendi, nikavuta stuli nikamwambia siondoki mpaka nijue. Nilikwenda siku tisa.

Mdogo wangu, kazi ile ni ya fundi. Picha unailaza kwenye skana, inaingia kwenye kompyuta, na jambo la kwanza unatoa nakala, ile ya asili huigusi. Hilo nililijua kabla Yudith hajazaliwa, huwezi kujaribia patasi kwenye ubao wa mteja. Kisha unaipa mwanga kidogo kidogo, maana ukizidisha, anga inameza kofia. Kisha uzito. Yangu ilikuwa na megabaiti kumi na nne, tovuti ikaikataa kama mlango mdogo unavyokataa kabati. Nikapunguza upana mpaka pikseli elfu moja na mia mbili, nikapunguza na ubora, nikawa nasimama naangalia, napunguza tena, mpaka ikabaki kilobaiti mia na themanini na uso hauna doa. Anayepiga randa kwa haraka anamaliza mbao. Siku ya sita alikuja mwalimu wa sekondari, picha yake imekataa kuingia, na mimi ndiye niliyemwelekeza. Muulize Yudith.

Kuna kitufe pia cha kurudisha nyuma. Ukikosea unabonyeza, kosa halipo. Siku ya kwanza nilikibonyeza mara nyingi bila sababu.

Picha yenyewe unaifahamu. Ni ile aliyotupiga mtu wa Iringa siku tulipomaliza boriti za kanisa. Nimesimama na kofia, nyuma yangu boriti zimepangwa, nimeshika mpini wa msumeno wa shimoni. Msumeno unakwenda kulia, unafika ukingoni mwa picha, basi. Imening'inia sebuleni kwangu miaka yote hii, na kila mgeni anayekunywa chai namwambia boriti zile ni mikono hii.

Yudith akaitazama sana, akaniuliza, "Babu, huu msumeno unaishia wapi?"

Hakungoja jibu. Alisema anaweza kuukata wote kwenye picha ubaki uso peke yake, ndivyo Gerson anavyotaka, au aumalizie vizuri. Akaanza kuumalizia. Alivuta kipanya huku na huku, mara nikaona msumeno wetu umefupishwa, una ncha, kama ule wa kukatia matawi, na mimi nimeushika peke yangu natabasamu. Ezekia, mtu yeyote aliyewahi kuingia shimoni angekufa kwa kicheko. Wa juu ya gogo anavuta, wa chini shimoni anavuta. Ukiwa mmoja, msumeno ule ni bati tu. Nikamwambia afute. Akafuta.

Sasa nisikilize. Ile picha haikuliwa na mchwa.

Ulipokuja kuniomba nakala, mwaka aliobatizwa mwanao wa kwanza, nilikwambia mchwa wamekula upande wako. Nilikudanganya. Niliukata mimi, kwa mkasi wa Tekla wa kushonea, wiki ile ile uliyopanda basi kwenda Mbeya. Uliniachia magogo thelathini ya wateja juu ya shimo, na msumeno una mipini miwili, na mimi nina mwili mmoja. Niliona umenifanya bati. Baadaye watu wakaanza kunisifu kwa zile boriti, nikanyamaza. Kisha nikaanza kujisifu mwenyewe, na nikwambie kweli, ni kutamu.

Lakini nusu yako sikuichoma. Imekaa kwenye kopo la tupa, uso chini, inanuka mafuta. Siku ya saba nikaipeleka kwa Yudith. Umejaa unga wa mbao kichwani mpaka unaonekana mzee kuliko mimi, na unacheka. Akanionyesha namna ya kupanua karatasi ya picha, nikaisogeza nusu yako mwenyewe, polepole, mpaka meno ya msumeno yakakutana na meno. Katikati ukabaki mstari mweupe, njia ya mkasi. Yudith akasema anaweza kuufuta, hakuna atakayejua. Nikamkataza.

Gerson akagoma. Picha moja sura moja, na maelezo yameshaandikwa kwa jina langu peke yangu. Nikaenda kwenye kikao cha kamati, Peter yupo, wote wapo, nikasema, "Huo msumeno una watu wawili. Weka wawili, au nitoe na mimi." Gerson akauliza mbona miaka hamsini nasema nilikuwa peke yangu. Nikamjibu kwamba nilikuwa naongopa, aulize lingine. Akasema tu kwamba picha ya watu wawili itakuwa nzito. Nikamwambia kilobaiti mia na tisini, apime. Alipima. Tangu Alhamisi iko hewani, na chini yake majina mawili, la kwako limetangulia kwa kuwa niliyaandika mimi.

Sikupigii magoti, yamekataa kukunjika tangu mwaka juzi. Ukitaka kunitukana njoo unitukanie hapa mwezi wa kumi, Tekla ameshachagua jogoo. Humu kwenye bahasha nimeweka picha nzima, imechapwa kwenye karatasi nzuri. Ule mstari wa katikati ni wangu, usimsingizie mchwa.

Msalimie shemeji na watoto wote, na yeyote anayenikumbuka kwa wema au vinginevyo. Msumeno bado uko ukutani. Una kutu upande wako.

Ni mimi kaka yako,
Rabson Mgaya,
wa mpini wa juu