Bastola ya Babu Golicha Imerudi Nyumbani

Duka la Dawa za Mifugo,
Mtaa wa Waberi,
Garissa.
14 Januari 2025

Mpendwa dada yangu Sahara,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Morogoro, wewe, shemeji na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Ulisema unakuuma ukisimama sana darasani. Na Shangazi Hawo je, bado anaikataa fimbo ya vipofu na kupapasa kuta kama mkaguzi wa majengo? Mpe salamu zangu kabla hujaendelea, maana nusu ya barua hii ni yake, na najua amekaa hapo ubavuni mwako akikuamrisha usome kwa sauti.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Joto la Januari ni lile lile. Mbuzi wamekimbilia kivuli cha malori, nasi tunagombania kivuli hicho hicho na mbuzi. Mama anauguza goti, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Duka linakwenda vizuri, wateja wanatoka mpaka Kutulo kufuata dawa ya kupe.

Najua ungependa nikupigie simu. Lakini simu haina cha kushika, na safari hii nina kitu nataka Shangazi akishike. Ile karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha usiifungue kwanza. Soma mpaka nikuambie.

Sahara, bastola ya Babu imerudi nyumbani. Imerudi kwa jina langu na kwa cheti halali, na nimeipata kwa mkono wangu mwenyewe. Ninaandika haya kichwa kikiwa kimenivimba kwa furaha, na sitaki mtu anipunguzie.

Wewe ulikulia mbali, uliiona pichani tu, basi ngoja nikueleze. Ni kitu kidogo, cha Ubelgiji, cha zamani hata kabla Babu hajazaliwa, na kinamalizikia kiganjani. Weusi wake umefifia ukawa rangi ya kahawa pale vidole vyake vilipozoea kukaa. Risasi zake ni nyembamba, unene wa zile kalamu za risasi ulizonazo hapo mezani. Watu wanaokusanya silaha za kale wanaitamani, nami nimeshapata wawili wa kuniuliza bei yake. Niliwauliza na wao bei ya babu zao.

Shangazi anajua ilikotoka, lakini wewe huenda hukuambiwa. Babu alikuwa dereva wa bwana mmoja wa kupambana na nzige, na bwana yule alipokuwa anarudi kwao alimwachia, wakaandikishana mbele ya serikali. Tangu siku ile kila mwaka Babu alitoka Takaba, barabara ile unayosikia habari zake, kwenda kuhuisha cheti. Hakuwahi kumtishia nayo mtu wala kuua nayo kitu. Alipiga makopo matupu ya maziwa ya unga kwenye laga, ule mto wa mchanga usio na maji, akaisafisha kwa kitambaa, akaifungia sandukuni. Ndiyo ilikuwa starehe yake. Wengine wana redio.

Alipofariki, sheria ilichukua mkondo wake. Bastola ikapelekwa kituoni, ikalazwa ghalani kumngoja mrithi atakayefaa. Shangazi alinipigia akilia, akaniomba jambo moja tu, kitu cha baba yake kisiende motoni. Maana silaha isiyo na mwenyewe hulala pamoja na zile zilizonyang'anywa majambazi, na siku ikifika zote huchomwa. Nilimwambia haiendi. Nilisema kwa kujiamini kabisa, na nilipokata simu nikaanza kujiuliza nimesema nini.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Jama, mtoto wa baba mdogo Nuh, yule aliyecheza mpaka akavunja kiti kwenye harusi yako. Kwenye mahojiano alifaulu. Uwanjani alifeli, tena vibaya. Nasikia aliivuta bastola ile kama mtu anayemvuta ndama aliyekwama, na risasi zake zote zikaenda kuwatafuta mchwa ardhini. Akarudi kwangu dukani, akaegemea kaunta.

"Abaayo, dada yangu, hiyo kitu imekufa kitambo. Wallahi ata banya hawesi ua. Wacha wachome."

Dharau hiyo ya kutoweza kuua hata panya, ingeishia dukani ningecheka. Lakini maneno hayo hayo aliyasema pia kituoni, na kwa kuwa hakukuwa na mrithi mwingine aliyekuwa ameomba, namba ya bastola ikaandikwa ukutani, kwenye ubao wa silaha zinazongoja moto. Nilikwenda kuuona kwa macho yangu. Sajini Abdirahim, msimamizi wa ghala, alininyooshea kidole namba yenyewe, chaki nyeupe, mwandiko mzuri kabisa.

"Ndio hii ya mzee," akasema. "Ukiomba, tutangojea mtihani yako. Ukifeli, abaayo, inaenda na lori. Hakuna mtu wa tatu."

Nikaomba. Nisikuchoshe na safari za ofisi, alama za vidole na daktari wa kupima akili, ambaye aliniuliza kama huwa nakasirika haraka. Nilimwambia aulize wanaonikopa dawa. Baba mdogo Nuh naye aliniita, akaniambia chuma si cha mwanamke. Nilimjibu kwa heshima kwamba mkono unaomdunga sindano ngamia dume mwenye hasira unaweza kushika kitu kisichouma. Aliondoka bila kukubali.

Risasi za aina ile hazipatikani hovyo. Duka moja la silaha Nairobi liliniagizia chache, na sikutaka kuzimaliza kwa mazoezi. Kwa hiyo nilikwenda kwenye mtihani nikiwa na mazoezi ya utotoni tu. Hapo, Sahara, ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana wewe ni mwalimu wa Kiswahili na jambo hili ni la idara yako.

Unajua nyumbani tulizungumza lugha yetu. Lakini mambo ya bastola Babu alifundishwa kwa Kiswahili na bwana wake wa nzige, na mpaka anakufa aliisemesha kwa Kiswahili peke yake. Nilipokuwa msichana wa shule alikuwa akitoa risasi zote, ananionyesha mara mbili kwamba ni tupu, kisha ananipa niishike nikilenga ukuta wa zizi. Juu ya mtutu aliweka punje moja ya buna, kahawa iliyokaangwa kwa samli, zile tunazotafuna. Punje ikianguka, zamu imekwisha na punje anaila yeye. Isipoanguka, naila mimi. Halafu akisimama nyuma yangu, kitambaa chake cha kusafishia kikiwa begani, anasema taratibu, "Simama. Lenga. Futa. Futa bolebole."

Basi mimi nikafuta. Nilimwona na kitambaa, nikaelewa kwamba ule ulimi wa bastola, kile kipande cha kidole, haukandamizwi. Unafutwa. Nikaufuta kama ninavyofuta vumbi kwenye jicho la mtoto aliyelala, asiamke. Nilikula buna nyingi sana miaka ile.

Siku ya mtihani tulikuwa nje ya mji, upepo wa vumbi, jua tayari juu. Masharti yalikuwa risasi sita, na angalau nne ziingie ndani ya duara. Msimamizi alikuwa Inspekta Lokwang', mtu wa Turkana, mrefu, mpole, Kiswahili chake kimenyooka. Jama alikuja kutazama. Baba mdogo Nuh alikuja pia, akasema alikuwa anapita tu, ingawa mahali pale hapaendi popote.

Nikasimama, nikalenga. Inspekta akasema kwa sauti ya uwanjani, "Mama, vuta."

Nikavuta, kama nilivyoambiwa. Risasi ikapita nje kabisa. Mkono wangu haukuwa umetetemeka, ila ule mvuto wenyewe uliinamisha mtutu. Akasema tena, "Tulia. Vuta." Nikavuta kwa bidii zaidi, kwa sababu mimi ni mtu wa kutii nikiwa na hofu. Ya pili ikaenda kumfuata mwenzake. Nyuma yangu nikamsikia Jama akisema, "Si niliwaambia?"

Zilibaki nne, Sahara, na zote nne zilitakiwa. Nilishusha mtutu ukatazama chini, nikaomba dakika moja ya kupumua. Niliogopa kweli. Nilimwona Shangazi amekaa kitandani anangoja habari, na niliona chaki ile nyeupe. Nikawa najiuliza kwa nini Babu hakuwahi kukosa kopo, na kwa nini hakuwahi kuniambia neno hili la vuta.

Ndipo likaniingia. Alikuwa akiniambia neno hilo hilo kila siku. Wewe unajua ulimi wetu, v inageuka f na p inageuka b, ndiyo maana polepole yake ilikuwa bolebole, na hiyo bolebole niliielewa tangu siku ya kwanza. Lakini futa yake sikuwahi kuigusa. Babu alisema vuta, mimi nikasikia futa, na miaka yote ile mkono wangu ulisoma kwa kosa langu. Nilicheka pale pale, mbele ya Inspekta, bastola mkononi. Nadhani kidogo anirudishe kwa yule daktari wa akili.

Nikainua. Inspekta akasema, "Vuta," nami nikasema moyoni, samahani bwana, mimi nafuta.

Nikafuta. Ndani. Nikafuta tena bila kuangalia ile ya kwanza imekaa wapi. Ndani. Ya tatu niliifuta huku jasho linaniingia jichoni, na sikulipangusa, maana siwezi kufuta vitu viwili kwa pamoja. Ndani. Ya mwisho niliiona ile punje ya buna juu ya chuma, Sahara, naapa niliiona, imetulia, inang'aa samli. Haikuanguka.

Zilipigwa karibu karibu, kopo moja la maziwa lingezifunika zote. Inspekta alitembea mpaka kwenye ubao wa shabaha, akainama, akarudi akiwa anatabasamu. Alinipa mkono na kuniuliza nimefundishwa na nani, jeshini au polisi. Nikamwambia na dereva. Jama alikuwa wa kwanza kupiga makofi, nakiri hilo kwa haki, tena alipiga kwa nguvu. Baba mdogo Nuh alikuja mpaka karibu, akaitazama ile bastola kiganjani mwangu kwa muda mrefu. Akaomba aishike. Nikaitoa kasha la risasi, nikamwonyesha mara mbili kwamba ni tupu, nikampa. Alipitisha kidole pale weusi ulipofifia, na sikumsumbua.

Siku ya kuichukua nilivaa gauni langu la dirac la Idi, nikapaka hina kama bibi harusi. Sajini Abdirahim alinikabidhi kwa saini, kisha akatazama ukutani. Namba ilikuwa ingali pale.

"Abaayo, hii nifute?" akaniuliza, dasta mkononi.

Alikuwa na maana ya kufuta hasa, kufuta chaki. Nikamwambia aniachie mimi. Dasta sikuitaka. Niliweka kidole changu, kile kile, juu ya tarakimu ya kwanza, nikazipitia moja moja bila haraka mpaka mahali pale pakabaki patupu. Sajini alidhani nalia kwa sababu ya vumbi la chaki.

Sasa inalala kwenye sefu ya chuma nyuma ya duka, na nina ruhusa ya kuipeleka uwanjani. Makopo ya maziwa nimeanza kuyakusanya. Jama ameniomba nimfundishe, atakapopata kibali chake. Nimemwambia kwanza akanunue buna.

Haya, fungua ile karatasi. Ndiyo shabaha yenyewe, Inspekta ameniruhusu nibaki nayo. Iweke mapajani mwa Shangazi, uushike mkono wake, umpitishe kidole kwenye matundu hayo manne. Usimsaidie kuhesabu. Akimaliza mwambie kitu cha baba yake hakikwenda motoni.

Wasalimie shemeji na watoto wote, na yule mdogo mkorofi mbusu utosini kwa niaba yangu. Mama anawasalimu, na anasema mje Ramadhani hii mfuturu huku, visingizio vya mgongo havipokelewi. Baba mdogo Nuh anatoa salamu maalumu kwa Shangazi, na amesisitiza niandike kwamba alikuwepo. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema yake, ampe Shangazi umri mrefu wenye afya, na amlaze Babu mahali pema.

Wala usinirudishie barua hii imejaa wino mwekundu. Makosa mengine, umeona mwenyewe, yana kazi yake.

Wako akupendaye, mwenye kidole kimoja cha kujivunia,
Nasteha Abkul Golicha

Nimesahau: Shangazi akiuliza kama tulivuta au tulifuta, mnong'oneze sikioni, taratibu, kwa sauti ya Babu, neno moja moja: futa, bolebole. Ataijua.