Mashine ya Kukausha Hewa na Sanduku la Mama Blandina

Mama Cresensia,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa huku Karatu, gazeti hutufikia likiwa na siku nne au tano lakini ushauri wako hauchachi, na leo nimeshika kalamu mwenyewe kwa sababu nimekwama na sina wa kumuuliza, nakuomba uuvumilie mwandiko wangu maana niliishia darasa la nane.

Natunza stoo na kuwasha jenereta katika zahanati ya misheni, huku juu karibu na msitu, mahali ambapo ukungu wa Ngorongoro hushuka alasiri na kukaa mpaka kesho yake saa nne. Mke wangu Hyasinta alikuwa akiutumia ukungu kama saa. Ukifika kwenye mti wa tatu wa mgrivea alikuwa anasema, "Baba Blandina, weka maji ya chai, wageni wameingia." Alifariki Aprili mwaka jana kwa ugonjwa wa mapafu, baada ya kukohoa wiki tano, na mganga wetu wa zahanati, aliyempa dawa, alisema nyumba ina unyevu mwingi, na kweli ukutani kwa ndani kulikuwa na kuvu nyeusi inayofutika kwa kidole na kurudi.

Sasa sikiliza, Mama, jambo ambalo sijamwambia mtu. Daktari mgeni aliyekuwa hapa zamani aliacha mashine stooni, sanduku la bati lenye feni, nami nililifunika gunia nikidhani ni redio kubwa iliyokufa. Baada ya mazishi Padri Inosenti alikuja kuhesabu vitu, akasoma kibao chake, akaniambia hii ni mashine ya kukausha hewa, daktari aliitumia kulinda kamera na hadubini yake visiote kuvu, inavuta hewa ya chumba, inaikamua maji, na maji yanadondokea kwenye ndoo iliyo tumboni mwake. Akasema, "Piusi, kama itakusaidia nyumbani, chukua." Nilimshukuru, lakini moyoni nilikuwa nahesabu, kwa sababu mashine hiyo ilikuwa kwenye stoo yangu, chini ya gunia langu, wiki zote tano alizokohoa.

Niliichukua. Nyumba yangu iko nyuma ya zahanati na ina waya mmoja wa taa kutoka kwenye jenereta, inayowaka saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Niliiweka karibu na sanduku la nguo za Hyasinta, maana kuvu ilikuwa imeanza kuingia humo, na ndani mna kanga jozi nne, kitenge cha harusi ya mdogo wake, sweta la kijani na kilemba, na zote zilikuwa bado na harufu yake, moshi wa kuni na samli na ile sabuni ya kipande aliyokuwa anaikata kwa uzi. Padri alinieleza kwamba mashine haifai kitu kama madirisha yako wazi, itakuwa inakausha Tanzania nzima, basi nikaziba madirisha kwa magunia, nikaziba na upenyo wa chini ya mlango, na moto nikauhamishia nje chini ya kibanda, kwa sababu jiko letu liko katika chumba hicho hicho na sikutaka moshi mpya uingie juu ya ule wake.

Mashine ilifanya kazi. Jioni ya kwanza ilitoa maji nusu ndoo, nikaenda nayo mlangoni nimwage, nikashindwa. Nilifikiri, haya yametoka katika hewa ya chumba alichokuwa anapumua. Nikayatia kwenye debe nikafunika. Tangu hapo hutoa kidogo kidogo, na jioni nyingi husimama bila kitu, lakini sijamwaga hata kikombe, nina madebe sita chini ya kitanda.

Binti yangu Blandina ana miaka kumi na minne, yuko darasa la saba. Alivumilia. Alipika nje kwenye manyunyu, akasomea kwenye chumba kisicho na dirisha. Siku moja akaniambia, "Baba, nyumba hii imekauka kama kopo."

Nikamjibu, "Si ndiyo vizuri, mwanangu? Hutakohoa."

"Kopo halina mtu ndani," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Mwezi wa Juni alitoa gunia dirishani aanike sketi yake ya shule, mimi nikaingia nikakuta ukungu umejaa chumba kizima, nikamfokea. Mama Cresensia, sikuwahi kumfokea mtoto huyu tangu azaliwe. Hakulia. Alisema tu, "Mama alikuwa anafungua." Jumamosi yake akafunga godoro, akashuka Karatu mjini kwa bibi yake, mama yake Hyasinta, na sasa nimepata habari kwamba akimaliza mtihani Septemba ataenda Babati kwa mama yake mdogo, akae huko moja kwa moja.

Majirani nao wamenitupa. Mke wa Mzee Tluway huleta maziwa, lakini haingii, anaweka kibuyu juu ya jiwe nje ya ua na kuita kwa mbali. Nikimrudishia anasema, "Weka hapo hapo kwenye jiwe, shemeji." Mzee Tluway mwenyewe, tuliyekuwa tukichunga naye, aliniomba niwanyweshe ng'ombe wangu upande wa chini wa mto, mbali na wake, akaniomba kwa upole kana kwamba mimi ni mgonjwa. Zamani watu walikuja kwangu kuomba kaa la moto asubuhi, sasa hakuna. Hata mama mkwe alipopita mwezi wa pili alisimama njiani akaniuliza, "Piusi, siku zako bado?" Nilidhani anauliza siku ya kugawa nguo, nikamwambia, "Bado, mama, mpaka unyevu uishe." Akanitazama, akasema, "Haya, kila mtu na siku zake," akaenda. Alikuwa amevaa kanga moja iliyotoboka begani. Nguo za marehemu tulitakiwa kuzigawa siku ya arobaini, mimi nilisema tusubiri zikauke.

Jambo la mwisho ndilo linalonitesa. Wiki iliyopita nilifungua sanduku. Nguo zote ni nzima, hakuna hata doa la kuvu, nami nikainua kanga moja puani, nikakuta hainuki kitu. Inanuka karatasi. Nilifungua debe nikanusa maji, yananuka bati. Kwa hiyo sijui harufu yake imekwenda wapi, na sijui kama nimwage maji yale au nifanye dhambi ya kuyahifadhi, na sijui nitampataje mtoto wangu kabla ya Septemba bila kumpoteza mama yake mara ya pili. Nisaidie.

Wako, Piusi, Karatu. Jina la ukoo tafadhali usiliandike.
Agosti 1984

*

Baba Blandina,

Marahaba, na pole. Nakuita kwa jina hilo makusudi, kwa sababu barua yako ina mistari mingi juu ya sanduku na michache juu ya mtu aliyekupa jina.

Nianze na majirani, maana hapo umewaonea. Barua yako niliisoma mara mbili, nikampelekea Patrisi, mpanga chapa wetu, mzaliwa wa Mbulu. Alicheka alipofika kwenye kibuyu na jiwe. Alipofika kwa mama mkwe aliacha kucheka. Akaniambia, "Mama, huyu bwana ameingia metimani na hajijui." Kwa wasomaji wasio wa huko, Patrisi anasema hivyo ndivyo wazee wa Kiiraqw walivyouita utengo wa aliyefiwa. Nyumba yake iliachwa peke yake, hakuna kuingia, hakuna kupeana vyombo mkononi, hakuna kuazima moto, ng'ombe hawanywi pamoja, mpaka siku zake zitimie. Siku hizi wengi wameuacha, lakini dalili zake kila mzee anazijua.

Sasa jitazame kwa macho ya Mzee Tluway. Mke wa mtu amekufa. Madirisha yamezibwa magunia. Moto umetolewa ndani. Nguo za marehemu hazijagawiwa. Mama mkwe anauliza siku zako, wewe unajibu bado. Ulitaka waseme nini? Hawajui habari za feni na kibao. Wamekuheshimu kwa heshima kubwa waliyo nayo, wakakuachia maziwa juu ya jiwe mwaka mzima na zaidi, nawe ukaandika gazetini kwamba wamekutupa. Patrisi anasema neno hilo unalijua tangu utotoni. Nyani haoni, na mengine malizia mwenyewe.

Tuje kwenye mashine. Hapa Dar es Salaam taabu yetu ni joto na jasho. Chumba chetu cha mitambo kina kiyoyozi, maana karatasi ikinywa unyevu inakunjamana na wino unatapakaa. Kiyoyozi hicho nacho kinakamua hewa, maji yanatoka kwa mpira mpaka kwenye ndoo dirishani, na mfagizi wetu anapigia deki. Ndiyo hayo hayo uliyoyafunika chini ya kitanda. Ni ukungu wa Ngorongoro, Baba Blandina, na kidogo ni pumzi yako mwenyewe, kwa sababu mkeo alikuwa ameshazikwa ulipoiwasha, na aliyekuwa akipumua mle ndani tangu Juni ni wewe peke yako. Kuyatunza si dhambi, na kuyamwaga si dhambi. Lakini madebe sita ya maji chini ya kitanda cha mtu anayeogopa unyevu, hilo hata Padri atatabasamu.

Na gunia. Najua hapo ndipo barua yako inapouma, ndiyo maana uliandika haraka ukapita. Nilimuuliza fundi anayetengeneza viyoyozi vyetu. Anasema mashine ya namna hiyo kwenye chumba cha baridi hushikwa na barafu ndani na kusimama, na huko kwenu Aprili ni baridi. Nadhani hata yako umeiona ikisimama. Ingekausha kuta kwa saa nne za jenereta, lakini mapafu yaliyokwisha shikwa yanataka dawa, na dawa mgonjwa alipewa pale pale zahanati. Hukumficha mkeo mashine. Ulikuwa hujui ni nini, na ungejua ungembebea kichwani. Nenda kwa mganga wenu umuulize swali hili ana kwa ana, usiendelee kulijibu peke yako chumbani.

Kuhusu harufu sitakudanganya. Imekwenda, na ingekwenda hata ungeweka sanduku benki. Ila fikiri kidogo. Moshi wa kuni na samli ni harufu ya jiko lake, na jiko ndilo ulilolizima la kwanza kabisa. Umelinda nguo kwa kufuta kila alichokuwa akikifanya nyumbani, kufungua, kuwasha moto, kukaribisha wageni. Mtoto alikueleza kwa maneno matatu, wewe ukasikia dirisha tu.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi toa magunia. Ukungu ukiinuka saa nne, fungua madirisha yote mpaka alasiri, na kabla haujashuka yafunge. Rudisha moto ndani, uwake kila siku, moto na upepo wa mchana vilikausha nyumba za huko kabla daktari mgeni hajazaliwa. Kuta zisugue, uzipake chokaa. Sanduku liinue juu ya mawe, lisiguse ukuta, uweke na kopo la mkaa mkavu ndani. Mashine irudishe stooni kwenye dawa, inakohitajika, na ukiwa na shuka mbichi msimu wa masika kaiazime kwa jioni moja kama vile watu wanavyoazima kinu. Maji mwagilia mgrivea wowote unaoupenda, kisha madebe yaoshe.

Halafu mwambie Mzee Tluway kwa mdomo wako kwamba siku zako zimetimia. Tumia maneno yake yale yale. Patrisi anasema huenda kukawa na kitu kidogo cha kufanywa mtoni au kanisani, wao watakwambia, nawe usibishe.

Nguo zigawe. Mwaka huu ambapo watu wanapanga foleni kutwa nzima kwa kanga moja, jozi nne zinalala sandukuni na mama mzazi wa Hyasinta anatembea bega nje. Hapo nimekukasirikia kweli. Mpe yeye kwanza. Mdogo mtu mpe kitenge, kilikuwa cha harusi yake. Sweta usimpe mtu wala usilifiche, mwulize Blandina.

Yeye usimwandikie barua, umekwisha kuandika za kutosha. Shuka Karatu kwa miguu, Jumamosi hii, moto ukiwa tayari umewaka nyumbani siku mbili tatu. Mbele ya bibi yake sema kwamba ulikosea kumfokea. Usimweleze habari za mashine, hakuzikimbia hizo. Mwambie umekuja kumchukua. Akikataa, usimlazimishe, na usirudi na uso wa msiba. Mwambie utakuja tena Jumamosi ijayo.

Kisha nenda Jumamosi ijayo.

Mama Cresensia