Makaburi Yetu Kwenye Migomba

Mjukuu wangu Koku,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Nyakatuntu hatujambo. Bibi yako anakohoa kidogo, na kahawa imeanza kuiva.

Unauliza kama ni sawa kila mtu alazimishwe kuwa na kitambulisho cha taifa. Mimi ninacho, nilikwenda kukiomba mwenyewe. Kulazimishwa ndiko ninakokataa.

Nilipokuwa kijana, karani mmoja alikuja na daftari, akamtaka baba athibitishe kwamba hakutoka ng'ambo ya mto, la sivyo angeondolewa. Baba aliweka jembe chini, akampeleka katikati ya migomba yetu, kwenye makaburi ya baba yake na babu zake. Akamtajia jina la kila aliyelala pale, taratibu, huku yule bwana akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Alipomaliza akamuuliza, "Na wewe, wa kwenu wamelala wapi?"

Karani alivua kofia, akaandika.

Leo baba naye amelala pale, na hakuwahi kushika kadi yoyote. Anayedhani hakuwa raia aje, nitampeleka mwenyewe.

Babu yako