Maji ya Kunawa ya Ndugu Meneja

Handeni, Ijumaa usiku

Kuja angekuja tu, lakini kumtukana marehemu kwenye hitima yake! Meneja wa shamba la mkonge, ambaye kaka Saidi alikuwa akimrushia ndege, ametoka Korogwe kuja kusema mbele ya watu, "Rubani hakukagua ndege."

Saidi? Aliyekuwa akitikisa komeo la mlango kila usiku, hata nikishalifunga mimi?

Bwana shamba, abiria aliyepona kwenye ajali iliyomuua Saidi, akamjibu. "Usukani uligoma tukiwa tumetulia angani, juu ya Kang'ata. Saidi aliishusha ndege kwa kuongeza na kupunguza moto wa injini tu. Mimi ni mzima kwa sababu yake."

"Ripoti tunaandika sisi, ndugu."

Wakiandika uzembe, mwana wa Saidi atakua akiambiwa hivyo. Sijui nitawazuiaje.

Mdogo wa marehemu ndiye anayewanawisha wageni kabla ya kula. Niliwamiminia mmoja mmoja. Meneja akanyoosha mikono, nikampita na birika.

"Maji yameisha?"

"Yapo," nikasema, nikamnawisha bwana shamba.

Saidi angenigombeza kwa hilo. Laiti angekuwepo anigombeze.